Tumpale Asilazwe

Bangili ndiyo iliyomjulisha Lugano Mwakipesile kwamba kuna jambo, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Alikuwa kazini, kwenye kituo cha kupozea maziwa cha Kiwira, ameinamia tangi akisubiri kipimo kitulie, ndipo mkono wake wa kushoto ulipotetemeshwa. Akatazama. Taa ndogo iliyokuwa ya kijani tangu mvua za mwaka uliopita ilikuwa imegeuka njano. Kabla hajaondoa macho ikawa nyekundu, na chini yake yakatokea maneno:

*Mgonjwa wako yuko katika hali ya hatari. Mlaze au mdhamini.*

Chini ya maneno hayo kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi, nao ulikuwa unafupika.

Kila aliyepandikizwa Tulizo alikuwa na ndugu mmoja anayevaa bangili. Tulizo lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya hindi, limelala chini ya ngozi, karibu na mtulinga. Mvaa bangili akibonyeza Laza, popote alipo, dawa ya usingizi inafunguka, na mgonjwa analala hata kabla chai haijachemka. Kudhamini kulikuwa kugumu zaidi. Ilikupasa uwe karibu na mgonjwa, umwone kwa macho yako, kisha uiambie mashine kwa sauti yako kwamba unambeba wewe. Dhamana ilidumu kwa saa moja, halafu mashine ikauliza tena. Na kama mstari ukiisha hujajibu lolote, Tulizo linamlaza lenyewe.

Lugano hakuwahi kumdhamini mkewe hata siku moja. Taa ikiwa nyekundu, alikuwa anabonyeza Laza kisha ndiyo anaanza kukimbia kwenda nyumbani.

Kidole gumba chake kilikuwa tayari juu ya kioo. Lakini asubuhi ile, wakati anatoka, Tumpale alikuwa mzima kabisa. Alikuwa anamenya viazi na kumkaripia binti yao kwa kuchezea maganda. Alikuwa amecheka. Lugano akapiga simu, haikupokelewa. Akaondoa kidole kwenye kioo, akamwachia mwenzake tangi, akapanda pikipiki.

Barabara ilikuwa na utelezi. Kila alipokata kona alitupia jicho mkono wake, na kila alipotazama uzi ule mweupe ulikuwa umepungua.

Alimkuta Tumpale amekaa sakafuni jikoni, miguu ameinyoosha, kichwa amekiegemeza ukutani. Viazi vilikuwa vimetawanyika. Sekela, ambaye alikuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni akichoka, alikuwa amemfunika mama yake miguu kwa kitenge, na sasa alikuwa anakinyoosha pembe moja baada ya nyingine.

"Baba, mama analia," akasema.

Lugano akapiga magoti. "Mama Sekela. Tumpale. Nini?"

"Mama amefariki," Tumpale akasema. "Mjomba amepiga simu. Alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe, akaanguka palepale mlangoni." Akahema. Uso wake wote ulikuwa umelowa. Kisha akaona bangili na uzi uliobaki kipande, na macho yakamtoka. Akamshika mume wake mkono kwa nguvu. "Usinilaze, Baba Sekela. Nakuomba. Usinilaze."

Lugano alimtazama machoni kama alivyofundishwa kliniki. Alitafuta yale macho ya siku mbaya, macho yanayomtazama mtu lakini yanasikiliza kitu kilicho nyuma yake. Hakuyaona. Alichokiona ni mtu aliyefiwa na mama yake.

"Namdhamini," akaiambia bangili.

Uzi ukatoweka. Taa ikabaki nyekundu vilevile, kana kwamba haikumwamini. Lugano akaketi sakafuni kando ya mkewe, akamvuta kichwa kifuani, na Tumpale akalia kwa sauti ambayo majirani waliisikia, wakaanza kuja.

---

Walipokuwa wanafunga mizigo ya kwenda Masoko, alikozaliwa Tumpale na alikokufa mama yake, Lugano alitoka nje, akampigia daktari. Dakta Hosiana Kapinga alikuwa Mbeya. Uso wake ulitokea kwenye kioo cha simu, na kwanza akatoa pole. Hakuharakisha. Halafu akasema ameiona taa kwenye mitambo yake tangu mapema, na ameona pia kwamba Tumpale amedhaminiwa.

"Nimekosea, Daktari?"

"Sijui bado. Nieleze ulichokiona."

Lugano akaeleza. Daktari akasikiliza hadi mwisho.

"Bwana Lugano, unakumbuka vidonge alivyokuwa anameza kabla ya Tulizo?"

"Nakumbuka. Alikuwa analala mpaka mchana. Akisimama anaanguka."

"Kwa sababu dawa ile ilikuwa inafanya kazi nyingi kwa pamoja. Ilipunguza nguvu ya dopamini ubongoni, na hiyo ndiyo kazi tuliyoitaka, ndiyo iliyonyamazisha sauti alizokuwa anazisikia. Lakini ilizuia na histamini, ambayo ndiyo inayouweka ubongo macho. Ilikausha mate. Ililegeza mishipa ya damu, ndiyo maana akisimama ghafla alikuwa anaona giza. Na ilimpa njaa isiyoisha. Mtu anapata nafuu ya sauti, anapoteza mchana wake. Tulizo limezitenganisha kazi zile kadiri ilivyowezekana. Kuna dawa ya sauti, inadondoka kidogo kidogo usiku na mchana. Na kuna dawa ya usingizi, inakaa chumba chake, inangoja mtu aiite. Sasa nisikilize vizuri. Ile ya usingizi haitibu. Inatuliza tu. Wakati mwingine inampa mgonjwa nafasi ya kupumzika. Wakati mwingine inatupa sisi tunaomwangalia nafasi ya kupumzika."

Lugano akainamisha macho.

"Sikulaumu," daktari akasema. "Nimewaandikia watu usingizi kwa miaka mingi, na wengi ulikuwa haki yao. Lakini mashine inasoma mapigo ya moyo, jasho na mawimbi ya ubongo. Aliyefiwa na aliyeanza kuugua wanafanana sana saa za mwanzo. Mashine haiwezi kujua ni yupi. Nami kutoka hapa siwezi."

"Basi nani anajua?"

"Wewe uliye karibu. Na yeye mwenyewe." Sauti yake ikawa nzito kidogo. "Mwangalie. Hakikisha anakula, hata kama hataki. Maji mengi. Asimame polepole. Usiku alale usingizi wake wa kawaida, hata kidogo. Akianza kusema kuna kitu anafichwa, au kumjibu mtu ambaye humwoni, hapo usisubiri. Na ujue sheria ilivyo: ukimdhamini na akadhurika, au akamdhuru mtoto, atakayeulizwa ni wewe."

"Najua, Daktari."

"Mpe pole zangu. Mama yake aliwahi kuniletea ndizi mpaka hapa kliniki, akakataa kuondoka mpaka nilipokula moja mbele yake."

---

Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa walipofika. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka ndani, wanaume nje kwenye mabenchi ya kanisa la Moravian, moto umekokwa. Tumpale alipoingia alipokewa na vilio vya shangazi zake, naye akalia nao, na taa mkononi mwa Lugano ikawa nyekundu, njano, nyekundu tena. Kila saa alijipenyeza katikati ya wanawake, akainama karibu na mkewe, akasema neno lile moja. Wanawake wakaanza kutazamana.

Mjomba Ambilikile, mdogo wake marehemu, alimwita Lugano pembeni, nyuma ya zizi. Alikuwa mzee mrefu, aliyeendesha malori ya kampuni ya chai mpaka malori yalipoanza kujiendesha yenyewe. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujamlaza mkeo?"

"Analia tu, Mjomba. Amefiwa."

"Naona analia. Naona na taa yako." Akamshika Lugano bega, si kwa ukali. "Mimi sisemi kwa ubaya. Tumpale ni mtoto wa dada yangu, nimemlea kama wangu. Lakini nani aliyewakuta yeye na mtoto kwenye shamba la chai?"

Lugano alijua.

"Mimi," mzee akasema. "Mvua inanyesha, yeye anatembea kati ya mistari ya chai, miguu peku, anaita. Mtoto yuko mgongoni, amepoa kama jiwe la mtoni. Nilidhani amekufa, Lugano. Nilimvua yule mtoto nguo, nikamweka hapa, kwenye ngozi yangu, ndani ya shati, nikakimbia naye. Mpaka leo nikiona mvua ya namna ile natafuta mahali pa kukaa." Akafuta uso. "Mlaze. Apumzike. Tukishazika, ataamka, mambo yatakuwa yamepita. Ndivyo tulivyofanya siku ya kumzika baba yake, na hakuna baya lililotokea."

"Lilitokea, Mjomba."

Waligeuka wote wawili. Tumpale alikuwa amesimama kwenye kona ya zizi, amejifunga kanga kiunoni, mkono mmoja umeshika nguzo kama mtu anayesubiri kichwa kitulie baada ya kusimama.

"Mwanangu, hatukuwa tunakusema..."

"Mlikuwa mnanisema, na si vibaya. Mjomba, unajua nilikwenda kwenye chai kufanya nini siku ile?"

Mzee akatazama chini. "Ulikuwa unaumwa."

"Nilikuwa naumwa. Lakini nilikwenda kufanya nini?"

Ng'ombe akapumua kwa nguvu ndani ya zizi.

"Nilikwenda kumtafuta baba," Tumpale akasema. "Baba alipokufa mlinilaza. Nilipoamka, nilikuta rundo la udongo na watu wanakula wali. Mkaniambia, baba yako yuko pale. Nikakubali kwa mdomo. Halafu sauti zikaja, zikasema wamekudanganya, hajafa, wamemficha kwenye chai alikokuwa anafanya kazi, anakungoja umletee mjukuu wake. Nikasema hapana, amezikwa. Zikaniuliza, ulimwona?" Midomo yake ilikuwa imekauka, akailamba. "Sikuwa na la kuzijibu, Mjomba. Sikuona. Kila siku zikaniuliza, na kila siku sikuwa na la kuzijibu. Mpaka nikaenda."

Kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyemwuliza Tumpale swali lile. Madaktari waliuliza sauti zinasema nini na mara ngapi. Yeye mwenyewe aliuliza kama amekula, kama amelala. Tena siku ile ya maziko ya baba mkwe, kidole kilichobonyeza kilikuwa chake.

Mjomba Ambilikile alikaa kwenye ukingo wa kihori.

"Na kesho ikikushinda?" akauliza mwisho.

"Nitamwambia Baba Sekela anilaze. Lakini nimwambie mimi."

"Na mtoto?"

"Mchukue wewe, Mjomba. Kesho siku nzima usimwachie mtu. Hata mimi nikimtaka, usinipe."

Mzee aliinuka, akamkumbatia mpwa wake. Kisha akaingia ndani kumtafuta Sekela.

---

Usiku Tumpale alilala kidogo, kichwa mapajani mwa shangazi yake. Mwili uliletwa siku iliyofuata, jua likiwa limeshapanda. Ibada ilifanyika uani, halafu watu wakapanga mstari kuaga. Mstari ule ulikwenda haraka, kwa sababu mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mlima. Tumpale hakuwamo. Wanawake walikuwa wamempeleka jikoni ale, maana Lugano ndiye aliyesisitiza: daktari amesema ale. Alipotoka, akiwa bado ana tonge mkononi, jeneza lilikuwa limefungwa na vijana walikuwa wanalinyanyua.

Hakulalamika. Alinawa mikono, akachukua tromboni yake, akajiunga na wenzake wa bendi ya matarumbeta ya kanisa.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kando ya kaburi la baba yake. Bendi ikaanza wimbo wa maziko. Tumpale alikuwa anapiga sauti ya tatu tangu ujana wake, na Lugano aliweza kuitambua ile sauti yake kati ya nyingine zote. Ilianza nyembamba kwa sababu ya ukavu wa mdomo, kisha ikapata joto. Watu wakaimba. Ubeti wa kwanza ukaisha.

Katikati ya ubeti wa pili, tromboni ikanyamaza.

Lugano alimfikia kabla bangili haijamtetemesha. Tumpale alikuwa ameishusha ala, anatazama jeneza lililokaa juu ya magogo mawili, karibu na shimo. Na macho yake, Lugano aliyaona sasa, yalikuwa yanasikiliza.

"Baba Sekela," akanong'ona. "Imekuja."

"Inasemaje?"

"Inasema humo ndani hamna mtu. Inasema mmejaza mawe."

Taa ilikuwa nyekundu. Uzi mweupe ukatokea, na safari hii ulionekana unakimbia. Bendi ikasimama, chombo kimoja baada ya kingine, kama maji yanayokatika bombani. Watu wote walikuwa wanawatazama. *Akianza kusema kuna kitu anafichwa, usisubiri*, daktari alikuwa amesema, na daktari hakuwa mtu wa kutisha watu bure.

Lugano akaweka kidole gumba juu ya kioo. Akaona mistari ya chai na mvua, akamwona Sekela aliyepoa kama jiwe. Akawaza jela. Akawaza pia asubuhi ya kesho, mkewe anaamka, anaona rundo jipya la udongo, watu wanakula wali.

"Tumpale," akasema. "Nikulaze?"

Tumpale alifumba macho. Ilionekana wazi kwamba anapigana na kitu ili kulipata jibu lake mwenyewe. "Nikilala sasa," akasema taratibu, "nitaamka nayo. Nataka nimwone."

Uzi ulikuwa umebaki kipande cha ukucha.

"Namdhamini," Lugano akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka walio nyuma wakasikia.

Mjomba Ambilikile alisogea mbele, Sekela amekaa mkononi mwake, amemshika shingo. Alimtazama mpwa wake, akatazama ile taa. Halafu akawageukia vijana waliosimama na kamba.

"Fungueni jeneza."

Mchungaji aliinua mkono. "Mzee wangu, mvua inakuja. Tumeshaaga."

"Huyu hajaaga," mzee akasema.

Kijana mmoja akapewa bisibisi. Misumari ya kuzungusha ilitoka polepole, na hapakuwa na sauti nyingine ila majani ya migomba. Kifuniko kikaondolewa. Lugano alimshika Tumpale kiwiko, wakasogea pamoja.

Alikuwamo. Alikuwa amevalishwa gauni la akina mama wa kanisa na kilemba cheupe, na uso wake ulikuwa umepungua kidogo, kama uso wa mtu aliyechoka na safari. Tumpale aliinama. Hakugusa uso. Alifunua shuka, akachukua mkono wa kulia wa mama yake, akatafuta kidole cha mwisho. Kilikuwa kimepinda kuelekea nje, tangu siku ng'ombe alipokikanyaga, Tumpale akiwa msichana.

Akakishika. Akakishika muda mrefu.

"Ni mama," akasema. "Kidole ndicho."

Kisha akalia, na kilio hiki hakikufanana na cha jana. Kilitoka chini kabisa, kikatoka chote, hata wanaume waliokuwa wameshikilia kamba wakageuza nyuso. Alikirekebisha kilemba cha mama yake kilichokuwa kimekwenda upande. Akamwambia jambo sikioni ambalo hakuna aliyelisikia.

"Bado inasema?" Lugano akamwuliza alipoinuka.

"Inasema." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Lakini sasa nina la kuijibu."

Walipokuwa wanafunga tena, Tumpale aligeukia kaburi la kando, lililoota majani.

"Mjomba. Na baba yuko pale?"

"Yuko pale, mwanangu," mzee akasema. "Nilimfunga macho mwenyewe. Nilimshusha kwa mikono hii. Ningekuwa nimekwambia, lakini hukuniuliza, nami nikaogopa kuanza mimi."

Tumpale akatikisa kichwa kukubali. Jeneza liliposhushwa, alichota udongo kwa mikono yote miwili. Wa mkono mmoja akamwagia mama yake. Wa mkono wa pili akautembeza mpaka kaburi la baba yake, akaumwaga pale, akasimama kidogo. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kupiga migomba. Akarudi, akaokota tromboni, na bendi ikamalizia wimbo. Alipiga vibaya. Sauti ilipasuka mara kwa mara, na kuna mahali alikosa pumzi kabisa. Hakuna aliyejali.

---

Mvua ilipokuwa imeshika kasi na watu wamejibana barazani, Tumpale alimvuta mume wake chumbani kwa shangazi. Akakaa kitandani, akavua viatu vyenye matope, akavipanga.

"Sasa sauti zimekuwa mbili," akasema. "Moja naijibu, ya pili inanizidi. Nimechoka, Baba Sekela. Sasa nilaze."

"Una hakika?"

Alimshika kidole gumba, akakipeleka mwenyewe mpaka kwenye kioo cha bangili, na wakabonyeza pamoja. Kisha akajilaza ubavu. Lugano akamfunika blanketi, akamshika mkono, na akauhisi unakuwa mzito kidogo kidogo. Mara hii hakuona haya. Alikaa pale akisikiliza pumzi yake. Baadaye mlango ulifunguka, Mjomba Ambilikile akaingia na Sekela aliyekuwa amesinzia begani. Alimlaza mtoto nyuma ya mgongo wa mama yake, akatoka.

Mbele yao kulikuwa na majuma magumu. Dakta Hosiana aliongeza dawa ya sauti, na kwa muda mikono ya Tumpale ikawa inatetemeka hata kikombe kikamshinda. Shule aliyokuwa anafundisha hesabu na muziki ikabidi imngoje. Lugano naye aliitwa Mbeya kueleza mbele ya jopo kwa nini alidhamini taa nyekundu saa baada ya saa. Alieleza, na wengine hawakuridhika. Mmoja wao alimwambia kwamba alibahatika tu. Lugano alisema huenda ni kweli, na kwamba ikitokea tena, kwanza atamwuliza mkewe.

Lakini hayo yalikuwa bado. Asubuhi iliyofuata maziko, Masoko palikuwa pametulia, mvua imekwisha, wanawake wanafagia uwanja. Tumpale alifumbua macho, akatazama dari ya chumba cha shangazi yake, akatazama mtoto, akamtazama mume wake aliyelala ameketi.

"Baba Sekela."

Lugano akashtuka, akampa maji. Akanywa yote.

"Tumemzika mama," Tumpale akasema.

Lugano akangoja kidogo, asije akawa anaulizwa. Hakuwa anaulizwa.

"Tumemzika," akajibu.

Alimsaidia kukaa, kisha, baada ya kupumzika, kusimama. Tumpale alimshika bega, akasubiri giza limtoke machoni. Nje kulikuwa na watu wapya wa msiba, waliotoka mbali na kuchelewa njiani. Alijifunga kanga vizuri, akafungua mlango, akaketi kwenye mkeka pamoja na wafiwa wenzake, akaanza kupokea pole zake.